Anguka Vizuri, Achilia Haraka: Neno kwa Nyumba Zenye Vijana wa Judo



Leo naandikia nyumba zenye mtoto au kijana anayejifunza judo, mieleka, au mchezo wowote wa kushikana na kuangushana. Najua mko, kwa sababu mmekuwa mkiniandikia kutoka Chaani, Magongo, Mikindani na Port Reitz, na maswali yenu yanafanana. Mama mmoja anasema, "Pasta, akirudi kutoka darasani anaendelea na wadogo zake hapa sebuleni. Nimkataze?" Baba mwingine anataka kujua kama ni halali kwa mtu aliyeokoka. Na mzee wa kanisa ameniambia nisimame madhabahuni niukataze mchezo wote, tumalize maneno.

Sitaukataza. Lakini pia sitanyamaza watoto wetu wakiendelea kubwagana juu ya sakafu ya simiti.

Msimamo wangu ni huu. Mazoezi ya nyumbani, kati ya darasa moja na jingine, ni mazuri na yanahitajika. Ila kuna sheria mbili ambazo lazima kijana azibebe kutoka darasani na kuingia nazo mlangoni pako. Ya kwanza: jifunze kuanguka kabla ya kuangusha. Ya pili: mwenzako akigonga, mwachilie papo hapo. Nyumba ikizishika hizo mbili, mruhusu mtoto na umtie moyo. Ikishindwa kuzishika, mazoezi yasimame mpaka zishikwe.

Nisikilize vizuri, nikueleze kwa nini.

TUANZE NA HOFU

Wengine wanasema judo ina roho ya mashariki. Tuangalie ukweli wake, kwa sababu mtu wa Mungu hahukumu jambo kabla ya kulisikia. Judo ilianzishwa na mwalimu wa shule, Mjapani aliyeitwa Jigoro Kano, mjini Tokyo mwaka 1882. Ni kweli kwamba vyumba vyake vya kwanza vya kufundishia vilikuwa ndani ya hekalu la Kibuddha, na kuna watu wanaolitumia hilo kama ushahidi. Lakini Kano hakuanzisha ibada. Alichukua mbinu za kale za mapigano, akaondoa zile za hatari kubwa kwenye mazoezi ya kawaida, akatengeneza elimu ya mwili na tabia. Jina lenyewe, judo, maana yake ni njia ya upole. Mwaka 1964 mchezo huu uliingia kwenye Olimpiki, Tokyo hukohuko.

Na hauko mbali nasi. Hapo Zanzibar, Mjapani Tsuyoshi Shimaoka amekuwa akiwafundisha vijana judo tangu miaka ya 1990. Mtanzania Andrew Mlugu alishindana judo katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024. Ni mchezo wa majirani zetu sasa.

"Lakini Pasta, wanainama!" Naam, wanainama kabla ya kushikana na baada ya kuachana. Sasa fungua Mwanzo 23. Ibrahimu, baba wa imani, anainama mbele ya wenyeji wa nchi alipokuwa akitafuta mahali pa kumzika Sara. Aliwaabudu? Hapana, aliwaheshimu. Kisha fungua Danieli 3. Vijana watatu wanakataa kuinama mbele ya sanamu, hata kama adhabu ni tanuru la moto. Neno la Mungu linatufundisha kuuliza swali moja: unainama mbele ya nani, na kwa ajili gani? Zanzibar ni kisiwa ambacho watu wake wengi ni Waislamu, na hao hawamsujudii mtu, lakini vijana wao wanafanya judo. Wamejua kutofautisha salamu na ibada. Sisi watu wa Pwani, tuliolelewa kwa shikamoo, tunashindwaje?

Ila nenda ukaangalie mwenyewe, mzazi. Keti pembeni ya darasa siku moja. Ukikuta mtoto anaambiwa aite roho fulani au aombe kwa jina lisilo la Yesu, mchukue mkono mwende nyumbani. Ukikuta anaambiwa amsalimu mwenzake, avue viatu na anyamaze mwalimu akizungumza, mwache ajifunze. Pengine atakuja kunyamaza na mahubiri yakiendelea!

Na wale wanaonitumia 1 Timotheo 4:8, isomeni tena. Paulo hakumwambia Timotheo kwamba mazoezi ya mwili hayana faida. Alisema faida ipo, ni ndogo ukiiweka kando ya utauwa. Ndogo si sifuri. Mtoto anayetoka jasho jioni na kulala saa tatu usiku ni afadhali kuliko yule anayezurura vichochoroni wakati ambao sote tunajua ni nini kinachowatafuta vijana wa bara hii ya Mombasa, kuanzia Kisauni hadi Likoni.

HESABU YA WIKI

Sasa tuje nyumbani. Tuseme kijana wako anahudhuria darasa mara mbili kwa wiki, saa moja na nusu kila mara. Hizo ni saa 3. Wiki ina saa 168. Zimebaki 165. Unadhani mwili utakumbuka nini, kile ulichofanya kwa saa 3 au kile ulichokizoea kwa saa 165?

Ndiyo maana walimu wanawataka wanafunzi wafanye kitu nyumbani. Si lazima kiwe kirefu. Dakika 15 kila siku zinatosha. Lakini zinatosha kwa kitu gani? Hapa ndipo nyumba nyingi zinapokosea. Kijana anadhani mazoezi ya nyumbani ni kurudia ile sehemu tamu ya darasa, yaani kuangusha mtu. Anamwita mdogo wake, anasukuma meza ukutani, anatandika leso chini. Leso, mpendwa! Leso juu ya simiti ni simiti yenye maua.

SHERIA YA KWANZA: KUANGUKA KABLA YA KUANGUSHA

Nitakupa jambo zito, na naomba usilipite. Japani ndiyo nyumbani kwa judo. Wana walimu, wana mikeka, wana miaka mingi ya uzoefu. Hata hivyo, kati ya mwaka 1983 na 2011, zaidi ya watoto 100 walifariki kutokana na ajali za judo katika shule za Japani. Wengi wao waliumia kichwani, na wengi walikuwa wanafunzi wapya ambao hawajajua kuanguka. Mbinu moja iliyotajwa sana ni ile ya kufagia mguu wa mwenzako kwa nyuma huku unamsukuma, mtu anaanguka chali na kisogo kinatangulia.

Kama hayo yalitokea darasani, juu ya mkeka, mbele ya mwalimu, je, sebuleni kwako Chaani, kati ya kabati la vyombo na mtungi wa gesi?

Sikupi habari hii ili uogope. Nakupa ili ujue kwamba sheria ya kuanguka si madoido. Na Mungu wetu anaijua sheria hiyo kabla ya Kano kuzaliwa. Soma Kumbukumbu la Torati 22:8. Mungu anamwagiza mtu anayejenga nyumba mpya aweke kizuizi kuzunguka dari, ili mtu asianguke kutoka juu na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Umeona? Mungu wa mbingu na nchi, katikati ya torati yake, anashughulika na mtu kuanguka nyumbani! Hakusema, "Mwenye imani hataanguka." Alisema weka ukuta. Imani haifuti ukuta.

Basi hivi ndivyo ukuta unavyojengwa katika nyumba ya mwanajudo:

Fanya peke yako. Mazoezi mengi mazuri ya nyumbani hayahitaji mtu wa kuangusha. Tandika godoro chini, mbali na kona za meza. Anza kuanguka ukiwa umelala, kisha ukiwa umeketi, kisha ukiwa umechuchumaa. Kidevu kifuani, ili kisogo kisiguse. Mkono wote upige godoro, kiganja chini, usiuchomeke nyuma kama nguzo maana hapo kifundo na kiwiko huvunjika. Kuanguka kutoka kusimama ni kwa darasani, mpaka mwalimu mwenyewe aseme uko tayari.

Jifunze kusogea chini. Lala chali, kanyaga mguu mmoja, inua nyonga, sogea kando kama kamba anavyojirusha majini. Nenda upande huu, rudi upande ule. Chumba kidogo cha ploti kinatosha.

Jifunze kuingia bila kuangusha. Nenda kwa fundi wa baiskeli, mwombe tyubu kuukuu. Ifunge kwenye nguzo imara au shina la mwarobaini, shika ncha mbili kama unavyoshika nguo ya mwenzako, kisha vuta, geuka, ingia, rudi. Mara 20, pumzika, mara 20 tena, kisha mara 20 za mwisho. Mabingwa wa dunia hufanya zoezi hili hili. Usiifunge kwenye grili ya dirisha la mwenye nyumba.

Jali mwili na majirani. Joto letu unalijua, fanya alfajiri au jioni na unywe maji. Kata kucha. Nguo ya mazoezi ifuliwe na ianikwe juani kila baada ya darasa, kwa sababu mapunye na magonjwa mengine ya ngozi hupenda michezo ya kushikana. Na kama unakaa ghorofani, kumbuka kuna mgonjwa au mtoto mchanga chini yako.

Hayo ndiyo mazoezi ya nyumbani. Kuangushana kwenyewe, kukaba shingo, kukunja viwiko, hayo yana mahali pake, na mahali pake ni mbele ya mwalimu. Katika nchi nyingi, mashindano ya watoto wadogo hayaruhusu kabisa kukaba shingo. Kama wenye mchezo wamewakataza watoto, wewe unamruhusu mwanao amjaribu mdogo wake kwa sababu gani?

Na ile mieleka ya kwenye runinga, yenye taa na fataki, waelezeni watoto ukweli: ni maigizo ya watu wazima waliofunzwa miaka mingi namna ya kuangukiana. Si somo la nyumbani.

Jambo moja zaidi hapa, na nalisema kama mchungaji wa kanisa la Kipentekoste anayeamini uponyaji kwa moyo wake wote. Mtoto akigonga kichwa, kisha akatapika, akachanganyikiwa, akasinzia kuliko kawaida, au kichwa kikazidi kumuuma, USIMPE dawa ya maumivu ukamlaza. Usimpake mafuta ukasubiri asubuhi. Nipigie simu, nitaomba, lakini nitaomba nanyi mkiwa ndani ya tuktuk mnaelekea hospitali. Damu inayovuja ndani ya fuvu haingojei ibada ya Jumapili. Mungu aliyekupa maombi ndiye aliyekupa daktari.

SHERIA YA PILI: AKIGONGA, ACHILIA

Katika judo, mtu akibanwa na hawezi kuendelea, anagonga mara mbili. Anagonga mkeka, au mwili wa mwenzake. Hahitaji kujieleza. Hahitaji kulia. Akigonga tu, yule aliyembana lazima aachilie wakati huohuo. Kwenye kukaba shingo jambo hili ni uhai wenyewe, kwa sababu mshipa ukibanwa sawasawa mtu anaweza kupoteza fahamu ndani ya sekunde kama 10.

Mimi nasema hili ndilo somo kubwa kuliko yote ambayo mchezo huu unaweza kuleta katika nyumba za waliookoka. Nguvu inayosikia neno "basi".

Hebu jiulize, mpendwa. Nyumbani kwako mtu akigonga, nani anaachilia? Mtoto akisema "baba, umeniumiza", unaachilia au unaongeza? Mke akisema "tuyaache haya kwa leo", unaachilia? Mama, msichana wa kazi akisema amechoka, unaachilia? Kuna watu wana mkanda mweusi wa kunena kwa lugha, lakini nyumbani hawajui kuachilia.

Na kwa wanaume nitasema wazi. Mbinu za kushikana hazina matumizi yoyote juu ya mke wako. Hakuna. Mkono kwenye shingo ya mwanamke si "hasira za kawaida za ndoa", ni hatua moja kabla ya kaburi. Dada yangu, kama hilo limetokea kwako hata mara moja, usiniandikie kwanza kuomba nikufundishe kuvumilia. Toka hapo, nenda kwa mtu salama, piga 1195, namba ya bure ya msaada kwa waliofanyiwa ukatili wa kijinsia. Tutaomba ukiwa salama.

Na wewe kijana, sheria hii ina upande wa barabarani pia. Mtu akikujia na panga kichochoroni, judo yako ni miguu. Toa simu, kimbia, ishi. Simu nyingine itapatikana. Miezi sita ya mazoezi haijakufanya Samsoni.

"LAKINI PASTA, YAKOBO HAKUACHILIA!"

Najua mtaniletea Mwanzo 32. Yakobo anashindana na yule mtu usiku kucha pale kivuko cha Yaboki. Anaambiwa aachilie kwa kuwa kunapambazuka, naye anakataa mpaka abarikiwe. Ni kweli. Anatoka na jina jipya na nyonga iliyoteguka, akichechemea.

Lakini msiishie hapo, fungueni sura ya 33. Asubuhi hiyohiyo Yakobo anakutana na Esau, ndugu aliyemwogopa miaka mingi. Esau ana watu 400 nyuma yake. Je, mshindani huyu wa usiku kucha anafanya nini mbele ya ndugu yake? Anamrukia? Anatafuta mahali pa kumshika? ANAINAMA MARA SABA. Na Esau anakimbia, anamkumbatia, wanalia pamoja.

Hiyo ndiyo siri, mtu wa Mungu. Kwa Mungu, shika na usiachilie. Kwa ndugu yako, inama na uachilie. Wengi wetu tumegeuza. Kwa Mungu tunaachilia mapema, dakika tano za maombi tumechoka, kisha tunakwenda kuwashika ndugu zetu shingo mwaka mzima kwa sababu ya neno moja la kikao cha harusi.

Katika Waefeso 6:12 Paulo anasema juu ya kushindana kwetu. Neno la Kigiriki alilolitumia pale ni "pale", na maana yake ni mieleka. Katika Agano Jipya lote neno hilo limetumika mahali hapo tu. Na anasema mieleka yetu si juu ya wanadamu. Kwa hiyo mtoto anayejifunza judo anaweza kuelewa mstari huo kuliko mimi niliyeusoma chuo cha Biblia. Anajua mieleka ni karibu, ni jasho, na haina nafasi ya kupumzika ukiwa umeshikwa. Mwambie: nguvu zako zote za kweli, mwanangu, ziko kwenye vita hiyo. Mwenzako wa kwenye mkeka si adui. Ni mtu aliyekukopesha mwili wake ili ujifunze, mrudishie ukiwa mzima.

NA SISI AMBAO HATUFANYI JUDO

Usidhani hili halikuhusu. Ibada ya Jumapili ni darasa. Saa 3, labda 4 nikizidisha mahubiri. Zimebaki saa 160 na kitu. Kumbukumbu la Torati 6:7 inataka Neno lizungumzwe nyumbani tukiketi, njiani tukitembea, tukilala na tukiamka. Katikati ya ibada na ibada, unafanya mazoezi gani peke yako, bila kwaya, bila kipaza sauti, bila pasta kukuona? Unajifunza kuanguka, yaani kutubu haraka bila kuvunjika? Unajifunza kuachilia, yaani kusamehe kabla hujaombwa mara ya pili?

Kijana anayefanya mazoezi ya tyubu alfajiri, peke yake, bila mtu wa kumpigia makofi, anajua kitu ambacho wengi wetu kanisani tumekisahau. Msimdharau. Mwombeeni, na mmuulize amejifunza nini.

Basi mzazi mwenzangu, wiki hii fanya mambo matatu. Nenda ukatembelee darasa la mwanao. Kagua mahali anapofanyia mazoezi nyumbani, na kama hakuna godoro, hakuna kuanguka. Kisha keti na nyumba yako yote, pamoja na wewe baba, mkubaliane kwamba kuanzia leo katika nyumba hii mtu akigonga, tunaachilia.

Kama neno hili limekufaa, andika AMINA, na umtumie mzazi mmoja mwenye kijana wa mazoezi. Na kama una swali ambalo huwezi kuliuliza mbele za watu, niandikie faraghani.

Mungu awalinde watoto wetu shingo, kichwa na roho. Tuonane Jumapili, Bwana akipenda.

Mchungaji wenu, Changamwe.